Mashine ya kukatakata nepia (majani ya kulisha ng'ombe) kutoka Kariobangi, Nairobi: nyota nne

Baba ana miaka 76, anafuga ng'ombe wawili Dagoretti, na hataki kusikia habari ya kuajiri kijana. Basi nikamnunulia mashine mpya kwa fundi wa Kariobangi. Mdomo wa kulishia majani ni mrefu kuliko mkono wake, mkanda umefunikwa. Kilichonishawishi zaidi ni swichi: stima ikipotea na kurudi, haiwaki mpaka ubonyeze kitufe cha kijani. Ile ya zamani ilinguruma yenyewe stima ikirudi, na mzee ndiye huyo wa kuchokonoa majani yaliyokwama! Ila kitufe chekundu cha kuzima kilikuwa nyuma kabisa. Nililipa tena kihamishwe usawa wa goti. Kelele nayo, hata ukimpigia simu hasikii.