Kanga ya pamba tupu kwa wanaokwenda misheni jangwani: nimeitumia siku 12 Turkana

Kundi letu la kanisa lilipopanga safari ya Turkana, kaskazini mwa Kenya, tulipewa orodha ya kurasa mbili ya vitu vya kubeba. Taa ya sola, kofia pana, miwani ya jua, chupa ya maji ya chuma, mafuta ya ngozi. Kanga haikuwemo. Nimerudi Unguja wiki mbili sasa, na naandika kwa ajili ya kina mama watakaokwenda safari ijayo: katika vyote nilivyobeba, hakuna kilichonifaa mchana na usiku kama doti moja ya kanga ya pamba niliyoinunua Darajani kwa shilingi 15,000.

Mimi ni muuguzi mstaafu, nasali Mkunazini. Tulikuwa watu tisa. Boti mpaka Dar, basi mpaka Nairobi kupitia Namanga, kisha Kitale na Kapenguria, na kutoka hapo ni kuteremka: Kainuk, Lokichar, mpaka Lodwar, na kituo chetu kikawa mbele zaidi. Kadiri unavyoshuka ndivyo midomo inavyokauka.

Muuzaji wangu ni bibi mtu mzima mwenye kijiduka cha kanga, nanunua kwake tangu nilipojifungua mtoto wa kwanza. Nilipomwambia nakwenda jangwani alinitoa mkononi ile niliyokuwa nimeishika, yenye rangi kali na mng'ao. "Hiyo iache, mwanangu. Itakupika." Akachomoa uzi mmoja ukingoni mwa kanga nyengine, akauwasha kwa kiberiti. Uliungua kama karatasi, ukaacha jivu jepesi linalopukutika vidoleni. Akafanya vile vile kwa ile yenye mng'ao: uzi ukajikunja, ukawa kishanga cheusi kigumu, ukanuka plastiki. Hicho ndicho kipimo, na ni cha bure. Muuzaji akikukataza kuchoma uzi, nenda duka la pili.

Nilifika nyumbani nikaikata, nikaipinda, nikairoweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi kama mama zetu walivyotufundisha, kisha nikaifua mara tatu mpaka wanga wote ukatoka. Msiende na kanga mbichi. Ikiwa na wanga hainywi maji, na kule kazi yake kubwa ni kunywa maji.

Nieleze kwa nini. Joto letu la kisiwani ni la vukuto. Kaskazi ikikaza, lowesha kanga uivishe chupa, baada ya saa nzima maji ni yale yale, kwa sababu hewa yenyewe imeshiba unyevu na kanga haikauki. Turkana hewa ni kavu na upepo hauna mapumziko. Siku ya kwanza nililowesha kipande kimoja, nikakizungushia dumu la lita tano, nikaliweka kwenye kivuli cha mgunga panapopita upepo. Kanga inapokauka inaondoka na joto la maji. Baada ya saa moja nilikunywa maji baridi kama ya mtungini, na mkurugenzi wetu wa kwaya, aliyebeba chupa ya chuma ya bei kubwa, alikuwa anakunywa maji ya moto kama chai. Kesho yake chupa zote tisa zilikuwa zimepangwa kwenye mizizi ya ule mgunga, kila moja imevishwa kitambaa.

Tulikuwa tunaamka saa kumi na moja alfajiri. Maji yanatoka laga, yaani mto wa mchanga ambao mvua ikinyesha hupita siku chache tu kisha hukauka. Wanawake wanachimba visima humo mchangani, vyengine virefu kupita kimo cha mtu. Mmoja anashuka chini kabisa, anachota kwa kikombe, wengine wanapokezana vyombo mpaka juu. Kujaza dumu moja la lita 20 ni kazi ya subira. Maji yenyewe huja na mchanga na vidudu, na hapa kanga ilinipa furaha ya kiuuguzi. Huko Bangladesh watafiti waliwafundisha wanawake kuchuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa, na wagonjwa wa kipindupindu wakapungua kwa karibu nusu. Matokeo yalichapishwa 2003. Sari kuukuu ndiyo inayochuja vizuri, kwa sababu nyuzi zake zimechakaa na kuziba matundu. Kwa hiyo nilibeba pia kipande cha kanga yangu ya zamani, nikakikunja mara nne juu ya ndoo. Mtakaochuja, msiishie hapo. Kanga inazuia uchafu na vidudu vikubwa, lakini maji bado yachemshwe au yatiwe dawa. Na chumvi haichujiki kwa kitambaa chochote. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chini ya ardhi ya Lotikipi, huko huko Turkana, kuna maji mengi sana. Yalipokuja kupimwa yakaonekana yana chumvi isiyofaa kunywewa.

Baada ya maji ni sala chini ya mti, kisha kliniki. Siku ya tatu kile kisuruali cha kuning'inizia watoto kwenye mizani kilichanika mshono. Nikachukua kanga, nikaifunga ncha nne juu ya ndoano kama bembea, nikairudisha mizani kwenye sifuri, na watoto tuliowapima siku ile wote walipimwa ndani yake. Mmoja alilala humo humo.

Mchana naitia kichwani na mabegani. Kipande kimoja hakitoshi jua la saa sita, ni chembamba, kikunjeni mara mbili. Masista wa pale wanaiita leso, kama wanavyosema Mombasa, na walinifundisha kuifunga fundo juu ya bega moja kama wanawake wa Kiturkana, mikono ibaki huru. Usiku tulilala nje kwenye mikeka, maana vyumba vya matofali vinatunza joto mpaka alfajiri. Najifunika kanga iliyolowa maji, nalala. Ikikauka naamka, nailowesha tena. Asubuhi ikung'uteni kwanza kabla ya kujifunga. Nge wanapenda mikunjo.

Sasa kasoro. Jua liliipausha: nyekundu yake imekuwa rangi ya tofali kwa siku 12 tu. Miiba ya mathenge, ule mti uliotapakaa kila mahali kule, imechana upindo pahala pawili. Hayo nayasamehe.

Nisiloweza kulisamehe ni doti ya pili. Siku ya safari, kwa haraka za bandarini, niliinunua kwa mchuuzi kwa shilingi 8,000 bila kuchoma uzi. Ilikuwa poliesta. Ukiilowesha maji yanateleza yanaanguka, ukijifunga jasho linabaki mwilini. Nikamwazima binti mmoja wa kwaya ajifunge jikoni. Tulipikia kuni, cheche ikaruka. Kwenye pamba cheche mara nyingi hutoboa tundu tu, ingawa nayo huweza kushika moto. Ile kanga iliyeyuka ikagandia juu ya kifundo cha mguu wake, na nilipoinyanyua ilitoka na ngozi. Nilimwagia maji baridi muda mrefu, nikamfunga bendeji, akapona, lakini alama anayo, na kanga ilikuwa yangu. Nakuombeni sana, jikoni msivae kitu hicho.

Jambo jengine. Pale lagani alikuwepo bibi mmoja mzee, shanga zake zimefika kidevuni. Ukame wa 2020 mpaka mwanzoni mwa 2023 ulimmalizia mbuzi karibu wote. Alishika pindo la kanga yangu, akapitisha kidole polepole juu ya maandishi, herufi moja baada ya nyengine, akauliza yanasemaje. Jina la kanga ile ni "Mungu hamtupi mja wake". Katekista kijana akamfasiria. Kwa Kiturkana Mungu ni Akuj, na neno hilo linahusiana na neno la juu, mbinguni, kunakotoka mvua. Bibi akatazama juu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: mbona basi ametunyima maji? Sikuwa na jibu. Nilikaa naye mchangani, nikamsaidia kupokea vikombe mpaka dumu lake likajaa. Siku ya kuondoka nilimfunga begani kipande kimoja cha doti ile. Kwetu doti haitenganishwi, najua, lakini kimoja nilikihitaji njiani, na yeye alikichagua kile chenye upindo mzima.

Jumatatu nilirudi Darajani kununua nyengine. Nilimsimulia yule bibi muuzaji habari yote, na swali la maji pia. Alinyamaza. Kisha akapanda kistuli, akateremsha doti ya jina lile lile, akaikata katikati kwa mkasi, akaniwekea kipande kimoja mbele yangu, na pesa akazikataa. "Hiki mpelekeeni bibi yule, awe na doti kamili. Na hicho chengine ni chako, nawe doti yako itimie." Nimeshakiroweka cha bibi, wanga umetoka. Kinangoja kundi litakalotangulia. Atakayekwenda aje akichukue kwangu, nitamwelekeza kisima.