Kituo kilichomsaidia mdogo wangu aliyekuwa anafuatiliwa kwenye simu na mumewe, nyota 4

Jina la kituo siweki, wapo wanawake wanaingia pale kwa kujificha na waume zao nao wanasoma humu. Kipo Dar, ukienda dawati la jinsia polisi waombe wakuelekeze sehemu yenye mshauri anayejua mambo ya simu.

Mdogo wangu alikuwa anajulikana kila hatua. Akipita Kariakoo anatumiwa meseji "umemaliza kununua?", akichati na mama usiku asubuhi anaulizwa neno kwa neno. Ofisi ya kwanza tuliyoenda wakamwambia badilisha namba, basi. Tukampelekea fundi akaiflashi simu, vitisho vyote tulivyokuwa tunavitegemea kama ushahidi vikapotea, na shemeji alivyoona lokesheni haisomi alirudi jioni akampiga, akamlazimisha aingize tena ile akaunti ya Google ambayo paswedi anayo yeye. Mimi ndo nilimpeleka kwa fundi, inaniuma mpaka leo.

Sasa huyu dada wa kituo hata kabla hatujafika alishatuambia simu iachwe saluni anaposukwa, ili ikionekana ionekane pale. Swali lake la kwanza halikuwa la simu, alimuuliza "mdogo wangu, siku akigundua hakuoni tena, atafanya nini?" Akanyamaza akamsubiri mpaka akamaliza kulia, ndo wakaanza kupanga atalala wapi na watoto watatolewaje shule.

Siku ya pili akaja yeye mwenyewe saluni, akakaa kama mteja, akafungua WhatsApp sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na kweli kulikuwa na kompyuta ambayo mdogo wangu haijui, halafu kwenye Google Maps lokesheni inashirikishwa muda wote. Hakuondoa kitu! Alipiga picha kwa simu yake, namba na tarehe zionekane, maana skrinshoti zingeingia Google Picha na shemeji angeziona. Mengine wakaandika kwenye kaunta buku linalobaki kituoni. Akapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa NIDA ya mdogo wangu, ile laini anayotumia siku zote haimo, kumbe imesajiliwa kwa jina la mume, yaani siku yoyote angeenda kuirenew ikawa yake na hela za M-Pesa humo humo. Mdogo wangu akasajili nyingine kwa kidole chake mwenyewe, ikawekwa kwenye kiswaswadu kilichokaa kwangu. Vile vifaa viliondolewa siku aliyohama, akiwa tayari yuko mbali.

Alituonyesha pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, kumtesa mtu kwa meseji ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote, na akatusindikiza kufungua jalada.

Nyota moja nimekata kwa sababu mwenye ujuzi huo pale ni yeye peke yake, tulisubiri siku 9 kumpata, na kwa mtu anayeishi na anayempiga siku 9 ni nyingi mno. Bando anatumia la kwake, simu ya kupigia picha ni ya kwake. Wanaofadhili vituo hivi wamnunulie simu ya kazi na wamfundishe mwingine wa pili, hata wa tatu. Mdogo wangu kesi inaendelea, namba ile mpya tunaijua watu wanne tu.