Chuo cha Muziki cha DCMA, Unguja: tathmini ya mhitimu

Tathmini hii naiandika hasa kwa ajili ya kijana ambaye kwao hakuna aliyewahi kuvuka kidato cha nne, naye anataka kusomea muziki huku wazazi wakimuuliza, tena kwa haki kabisa, atakula nini. Nilitoka katika nyumba ya aina hiyo, ambamo kusoma chuo kulimaanisha ualimu au uuguzi na si vinginevyo.

Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kinachofahamika zaidi kwa kifupi cha DCMA, kilianzishwa mwaka 2002 Mji Mkongwe, nami nilisoma kilipokuwa katika jengo la zamani la Forodha, Mizingani, linaloelekea baharini. Hapo kale aliyetaka kujifunza udi au fidla alijisogeza kwenye klabu ya taarabu, kama Nadi Ikhwan Safaa iliyoanza mwaka 1905, akangoja mpaka mkubwa mmoja akubali kumshika mkono. Asiyekuwa na mjomba wala jirani ndani ya klabu mara nyingi aliishia kusikiliza dirishani. Kwa sisi tusio na jina katika muziki, kuingia DCMA kwa kuomba nafasi tu ni jambo kubwa. Kwa wasichana ni kubwa zaidi, kwa sababu katika taarabu mwanamke alizoeleka kuwa mwimbaji, ilhali pale hukabidhiwa ala. Siti Amina, anayeimba huku akipiga udi, alipita chuoni hapo.

Ufundishaji nausifu bila kusita. Nilichagua kanuni, ala ambayo Rajab Suleiman, mmoja wa mabingwa wake visiwani, ameifundisha chuoni hapo. Nyuzi zake hupangwa tatu tatu kwa kila sauti, na kando yake kuna vyuma vidogo vya kupandisha au kushusha sauti hata kwa kiasi kisichofika nusu toni. Mpigaji huvaa pete za chuma kwenye vidole vya shahada, akabana humo vipande vya kudonolea. Hewa ya bahari hulegeza nyuzi, kwa hiyo sehemu kubwa ya masomo ya mwanzo ilikuwa kuzikaza na kuzilinganisha, kazi inayochosha lakini inayolifundisha sikio kuliko zoezi lolote nililowahi kupewa. Sikuwekewa noti mbele mpaka nilipoweza kuiimba Bayati, mojawapo ya maqam (mipangilio ya sauti) za muziki wa Kiarabu, kwa mdomo, kisha nikaoneshwa namna inavyoandikwa. Mpangilio huo humfaa mno mtu ambaye hakukulia penye kinanda wala kitabu cha muziki, kwa kuwa anaanza na kile alichokwisha kukisikia harusini. Kidumbaki nacho, muziki wa ngoma ndogo ulio ndugu wa taarabu, pamoja na sanduku lake la besi na mkwasa, yaani vijiti vya kugonganisha, hufundishwa kwa uzito uleule, jambo linalonifurahisha kwa dhati.

Upande wa fedha unahitaji tahadhari. Wanafunzi wengi hawamudu ada kamili na chuo kimeegemea sana wafadhili, hata mwaka 2019 kilitangaza hadharani kwamba huenda kikafungwa. Anayeomba nafasi aulize mapema kuhusu ada na nafuu zilizopo, na aulize pia saa za kufanyia mazoezi, maana kanuni huagizwa kutoka nchi kama Misri na Uturuki na si rahisi mwanafunzi kuwa na yake nyumbani.

Kuhusu kipato, ukweli ni kwamba kazi ipo lakini haina mshahara wa mwisho wa mwezi. Kuna hoteli, harusi, maonesho ya watalii na wanafunzi wa kufundisha. Hoteli moja ilichelewesha malipo ya kikundi chetu kwa msimu mzima, na tangu hapo sipandi jukwaani bila makubaliano ya maandishi. Hili kijana alijue kabla ya kumaliza chuo, kwa sababu nyumbani hana wa kumwambia.

Nawashauri wazazi wanaosita wafike kwanza kwenye onesho la wanafunzi, wakae karibu na wapigaji, kisha wazungumze na walimu wenyewe, ambao wengi wao wamelea familia zao kwa kazi hii.