Kozi ya theolojia kwa masafa: ada inalipika, safari ndiyo inayotia deni

Nimemaliza mwaka wa pili wa stashahada ya theolojia inayotolewa kwa masafa na chuo kimoja cha bara, nami naandika tathmini hii kwa ajili ya makatekista wenzangu wa Unguja na Pemba wanaofikiria kujiunga.

Upande wa ada, naisifu kozi hii bila kusita. Mwanafunzi halipi ya mwaka mzima kwa mkupuo, bali hulipia somo moja moja kadiri anavyolichukua, na akiishiwa fedha husimama muhula mmoja bila kufutwa. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa anayejiandaa kwa ushemasi visiwani, ambako Wakristo ni wachache na posho ya mhudumu hutegemea sadaka. Mhitimu mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya bara akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kasisi wa mtaa mdogo akianza utumishi na deni la namna hiyo, atatafuta kazi ya pili kabla hajawajua hata waumini wake. Wakufunzi nao husahihisha kazi kwa makini.

Kasoro iko kwenye wiki za ana kwa ana. Kila mwaka tunaitwa bara mara mbili, lakini fomu ya kujiunga haitaji nauli ya boti, malazi, chakula wala vitabu. Mwaka wa kwanza nilikopa shilingi 450,000 kwenye vikoba, nikazirejesha pamoja na riba kwa miezi kumi, huku mtaji wa vitumbua wa mke wangu ukiishia humo. Mwenzetu kutoka Pemba, ambaye alikuwa akivuka kwanza hadi Unguja, aliacha masomo kwa sababu hiyo hiyo, na hilo linaniuma hadi leo. Zamani vijana wa bara ndio waliokuja kusoma Kiungani, chuo cha misheni ya Kianglikana hapa hapa Unguja, na humo alisoma Cecil Majaliwa, aliyepewa ukasisi mwaka 1890. Chuo kingeweza kabisa kumleta mkufunzi mmoja Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana mjini Unguja, badala ya kuwavusha wanafunzi wote.

Anayetaka kujiunga aombe kwa maandishi jumla ya gharama zote, si ada peke yake. Mimi nimekwisha kujiandikisha mwaka wa mwisho, na safari hii nauli naiweka akiba tangu Januari.