Stendi, rimoti na Snapseed: uzoefu wangu wa kujipiga picha nje, Kilimanjaro ikiwa nyuma

Kama unapenda kuwa na picha nzuri ya kwako na huna mtu wa kukushikia simu, nunua stendi yenye rimoti, pakua Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, kisha iache kamera ya mbele ipumzike. Huo ndio ushauri wangu baada ya kutumia vifaa hivi hapa Moshi, Januari yote hadi Februari, miezi ambayo mlima hujitokeza vizuri asubuhi kabla mawingu hayajapanda. Nilitaka picha moja tu itakayofanya kazi tatu: ikae ukutani kwa shangazi, iende Instagram, na iwe picha yangu ya WhatsApp.

Stendi yenyewe haina jina kubwa. Ni ya aluminiamu, miguu mitatu ya kuvuta, inafika usawa wa kifua changu, na juu kuna kibanio cha simu. Rimoti yake ni ndogo kama ya geti, inaunganishwa kwa Bluetooth, inatumia betri ya kidonge aina ya CR2032. Simu huiona rimoti hii kama kitufe cha sauti, kwa hiyo ukibonyeza na sauti ikapanda badala ya picha kupigwa, usiirudishe dukani. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, uambie kitufe cha sauti kipige picha. Udhaifu wa stendi ni wepesi wake. Huku barabara ya TPC, kwenye mashamba ya miwa, upepo haukutani na kizuizi chochote, na stendi hutetemeka. Mimi huning'iniza begi lenye chupa za maji katikati ya miguu, inatulia. Kibanio nacho ni cha plastiki, na simu yenye kava zito hukilemea, vua kava.

Sasa kwa nini kamera ya nyuma? Wengi hudhani ni habari ya ubora wa lenzi tu. Jambo kubwa zaidi ni umbali. Mkono ulionyooka unaiweka simu karibu mno na uso, na kitu kilicho karibu na lenzi hukuzwa kuliko kilicho nyuma yake: pua inavimba, masikio yanarudi nyuma. Ukisogea hatua tano au sita kutoka kwenye stendi, uso wako unarudi kuwa ule ambao ndugu zako wanaujua. Na mlima nao unafaidika. Kwa lenzi ya kawaida, ile ya 1x isiyovuta picha karibu, Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, inatoka kama kichuguu nyuma ya bega lako. Rudisha stendi nyuma, tumia lenzi ya 2x, ile inayovuta mara mbili, na wewe utabaki na ukubwa uleule kwenye fremu huku mlima ukikua mara mbili. Kama simu yako haina lenzi hiyo, rudisha stendi vilevile, piga kwa 1x, halafu kata kingo za picha. Mpangilio utakuwa uleule, ila pikseli, yaani vinukta vinavyojenga picha, zitapungua sana.

Kuna jambo ambalo sijaona likielezwa vya kutosha, nalo ni urefu wa stendi. Kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo wa macho hupita kwenye mwili wako pale pale lenzi ilipo kwa urefu. Lenzi ikiwa usawa wa shingo, mstari wa miwa unakukata shingo. Ikiwa usawa wa macho, unapita machoni. Shusha stendi hadi chini kidogo ya kifua: mstari unakaa mbavuni, na kichwa kinapata anga safi na mlima. Hapo hakuna programu itakayokusaidia baadaye. Unaweza kukata pembeni, juu na chini, lakini mstari uliopita shingoni utabaki shingoni.

Pa kusimama nako kunahitaji uvumilivu. Ukiwa kusini mwa mji na kamera ikitazama kaskazini, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia, na kati yao kuna bonde pana. Niliweka jiwe barabarani pale nilipotaka kusimama, nikagusa jiwe hilo kwenye kioo na kushikilia kidole hadi fokasi na mwanga vikafungwa, kisha nikaenda kusimama juu yake na kuanza kujisogeza nusu hatua kwa nusu hatua, nikipiga kwa rimoti kila ninaposimama. Kichwa kikiwa mbele ya Kibo, mlima unaonekana kama umenimea kichwani. Kikiingia kwenye lile bonde, vilele vyote viwili vinapumua. Jua la asubuhi linatoka mashariki, yaani kulia kwa picha, hivyo shavu moja linang'aa na jingine linapata kivuli kidogo kinachoupa uso umbo. Saa nne asubuhi mara nyingi mawingu yameshafunika, kwa hiyo uwe umesimama pale jua linapochomoza.

Na ukipiga, jiachie nafasi. Acha anga la kutosha juu ya kichwa, acha upana kila upande. Macho yatakushawishi usogee karibu ujaze fremu, usikubali. Kukata picha unaweza wakati wowote, kuongeza kilichoachwa nje huwezi.

Tukifika kwenye kukata, Snapseed ni ya Google, ni ya bure, haina matangazo, na haiwekei picha yako nembo yoyote. Kilichonifanya niipende ni kwamba inakumbuka hatua zako. Ukikata leo na kesho ukaona umebana mno, unafungua orodha ya hatua ulizofanya, unarudi kwenye ile ya kukata, unairekebisha bila kugusa nyingine. Picha ya asili inabaki salama, na unachotoa ni nakala.

Mimi huanza na kunyoosha, kwa sababu barabara haikuwa sawa na stendi iliinama kidogo. Kisha nachagua uwiano wa 5:4 na kuugeuza usimame. Uwiano huu ni hazina, kwani ndio wa fremu za inchi 8 kwa 10 na pia unakubalika Instagram, pikseli 1080 kwa 1350. Mkato mmoja, kazi mbili. Picha yangu ya pikseli 3000 kwa 4000 niliikata upande wa Mawenzi, nikabakiwa na Kibo nzima kushoto na mimi theluthi ya kulia. Nilimpenda Mawenzi, lakini vilele viwili na uso mmoja vilikuwa vinagombania jicho. Nilibakiwa na pikseli 2600 kwa 3250, na inchi 8 kwa 10 zikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi zinataka 2400 kwa 3000 tu.

Kukaa pembeni si mtindo wa juzi. Mwaka 1839 huko Philadelphia, Robert Cornelius alijipiga picha nje, nyuma ya duka la familia yake, na hayuko katikati ya fremu. Nywele zimetimka, na hadi leo picha ile ina uhai kuliko picha nyingi za studio. Imehifadhiwa Library of Congress, Marekani, nami naitazama mara kwa mara.

Chini nilikata katikati ya paja. Usikate kwenye kiungo, iwe goti, kiwiko au kifundo, maana mtu anaonekana amekatwa kweli. Kata kati ya viungo viwili na jicho litakubali kwamba mwili unaendelea nje ya fremu. Kwa WhatsApp nilitengeneza mkato wa pili wa mraba, kichwa na mabega tu, nikikumbuka kwamba duara litakula pembe zote nne; Kibo inabaki kipande, na haina neno.

Baada ya kukata ndipo nagusa mwanga. Simu ikiona theluji na anga jeupe huwa inatia giza ngozi zetu, na kuangaza picha nzima kunafuta theluji. Kifaa kinachoitwa Selective kinakuwezesha kuweka nukta usoni, ukabana vidole kupunguza eneo, ukateleza kidole kuongeza mwanga hapo tu. Niliongeza kidogo shavu lenye kivuli, rangi yangu ikabaki rangi yangu. Tafadhali msizidishe hapa, ngozi nyeusi ikipandishwa sana inageuka kijivu.

Stendi na rimoti vilinigharimu shilingi 35,000, na kwa kazi vinavyofanya ningelipa zaidi, hasa kama kibanio kingekuwa cha chuma. Kama unapiga picha za sherehe au unabeba kamera kubwa, tafuta stendi nzito. Kwa simu na mtu mmoja inatosha kabisa.

Ukipeleka kuchapa, peleka faili ambalo tayari lina uwiano wa karatasi, umwambie fundi asikate tena, la sivyo mashine itakuchagulia yenyewe cha kuondoa. Na ukingo wa fremu hufunika milimita chache kila upande, kwa hiyo usiweke kilele wala vidole vya mkono ukingoni kabisa.