Huduma ya unukuzi wa mahojiano mjini Mombasa: sikio zuri, pazia jepesi

Utafiti wangu unahusu yanayowakuta kazini wanawake wa Mombasa wanaoandika nyaraka za kiufundi, yaani miongozo ya mitambo, taratibu za usalama na ripoti za ukaguzi. Mahojiano niliyorekodi niliyapeleka kwa ofisi ndogo ya unukuzi, yaani ya kugeuza sauti kuwa maandishi, iliyo katikati ya mji, ambayo sitaitaja jina.

Unukuzi wenyewe ni wa hali ya juu. Wanukuzi ni watu wa Pwani, kwa hiyo mhojiwa aliyesema "nalimwambia" hakusahihishwa kuwa "nilimwambia", na vicheko havikuondolewa ili ukurasa upendeze. Mhandisi mmoja, ambaye ndiye mwanamke pekee katika idara yake, alipoulizwa ni nani huandika kumbukumbu za mikutano alijibu, "Si mimi tena!", akacheka, kisha akanyamaza kwa muda. Vyote vitatu vimo katika nakala, na bila kile kimya jibu lile lingesomeka kama mzaha mtupu.

Kasoro iko katika kuficha utambulisho. Tulikuwa na mkataba wa maandishi, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inavyomtaka anayemkabidhi mwingine data za watu, nayo ofisi ikafuta majina ya watu na ya kampuni, ikaona imemaliza. Lakini nyaraka za aina hii aghalabu hutoka kwa jina la kampuni, si la mwandishi, na huenda kiwanda kizima kikawa na mwanamke mmoja tu anayeziandika. Ukiacha katika nakala kwamba mhojiwa ndiye aliyeandika upya taratibu za kuzima boila baada ya ajali fulani, wafanyakazi wenzake wa Changamwe, eneo la viwanda la Mombasa, hawahitaji kuambiwa jina. Anayelalamika kuwa kazi yake husainiwa na msimamizi ndiye atakayeumia msimamizi huyo akiisoma nakala. Nilipolieleza hilo nilijibiwa, kwa adabu kabisa, kwamba kisichokuwa jina hakimo katika bei.

Bei yenyewe, inayohesabiwa kwa dakika ya sauti, ni ya haki, na kuchelewa kwao ni kwa kawaida tu. Mahojiano yajayo nitawapelekea wao, ila sehemu ambayo mhojiwa anaeleza cheo chake na nyaraka alizoandika nitaikata kwanza katika rekodi na kuinukuu mwenyewe.