Betri mpya, kikomo cha asilimia 80 na miezi 18 barabarani

Kazi yangu ni kusambaza vifurushi. Simu ndiyo ramani, ndiyo daftari la sahihi, ndiyo kamera ya kuthibitisha kwamba mzigo umefika mlangoni. Kioo chake huwaka tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi jua linapozama. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu anayeifanyisha betri kazi kwelikweli. Ninapima vitu viwili vinavyokwenda pamoja: betri niliyobadilishiwa na fundi miezi 18 iliyopita, na ule mpangilio wa ndani ya simu unaozuia chaji isipite asilimia 80. Vyote nimeridhika navyo, ila cha pili ndicho ninachotaka kila mtu akijue, kwa sababu kipo tayari ndani ya simu nyingi na wenye simu hawajawahi kukifungua.

Nianze na betri ya kwanza, maana bila kisa chake hutaelewa kwa nini nalisema hili kwa mkazo.

Ilidumu miezi 20. Dalili ya mwanzo ilikuwa kuzimika. Simu inaonyesha asilimia 31, nafungua kamera nipige picha ya kifurushi, kioo kinakuwa cheusi. Nikichomeka waya inawaka na kuniambia bado ina asilimia 28. Nilidhani ni kirusi, nikafuta programu nusu nzima. Kumbe betri ikizeeka, ukinzani wake wa ndani, yaani kile kinachozuia umeme kupita, hupanda. Chaji inaweza kuwemo, lakini kamera inapodai umeme mwingi kwa ghafla, volti zinaporomoka na simu inajizima ili kujilinda. Ndilo jambo lililoifanya Apple, mwaka 2017, ipunguze kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, na Desemba ya mwaka huo ikawaomba radhi wateja kwa kutowaeleza wazi.

Dalili ya pili niliiona mezani. Nimeilaza simu chali, nikigusa kona moja, kona ya pili inanyanyuka. Nikaisogeza karibu na taa. Kwenye ubavu wa kulia, pale kioo kinapokutana na fremu, palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga. Ukucha wa kidole gumba uliingia. Betri ilikuwa imevimba na inakisukuma kioo kutoka ndani. Niliizima pale pale, sikuichaji tena, na sikujaribu kukibonyeza kioo kirudi mahali pake. Betri iliyovimba ina gesi ndani. Ukiibonyeza au ukiitoboa inaweza kuwaka moto.

Fundi aliipasha simu joto kidogo pembeni, akapitisha kipande chembamba cha plastiki chini ya kioo, akakiinua kama mtu anayefungua kitabu cha zamani. Betri ilikuwa imejaa kama mto mdogo wa rangi ya fedha, ngozi yake imekaza hata maandishi yamejikunja. Hakutumia bisibisi kuibandua. Alivuta ule utepe wa gundi polepole, akalegeza, akavuta tena, kisha akaitia kwenye kopo la mchanga. Halafu akaniuliza:

"Mchana simu inakaa wapi?"

"Kwenye kioo cha mbele cha gari."

"Na waya?"

"Hautoki kutwa."

"Basi umeipika, kaka."

Alikuwa sahihi. Betri za simu zetu ni za ioni za lithiamu, teknolojia iliyoingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na waliouweka msingi wake, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ukichaji, ioni, yaani chembe za lithiamu zenye chaji, zinahamia upande wa grafaiti, mmoja wa pande mbili za betri, ukitumia, zinarudi. Juu ya ile grafaiti hujitengeneza utando mwembamba unaoilinda, lakini utando huo unaendelea kunenepa mwaka hadi mwaka, na kila unaponenepa unameza lithiamu kidogo ambayo hairudi tena kazini. Joto linaharakisha kazi hiyo. Volti za juu, yaani betri kukaa imejaa pomoni, zinaongeza uchakavu upande wa pili. Mimi niliyaunganisha yote mawili: asilimia 100, juani, saa kumi kwa siku. Simu ilikuwa ikinionya kwamba joto limezidi na kupunguza mwanga wa kioo, nami nilichokifanya ni kuurudisha mwanga.

Sasa betri yenyewe mpya. Nilichokipenda kwa fundi huyu ni kwamba kabla ya kuifunga alinionyesha lebo na tarehe ya kutengenezwa. Ilikuwa na miezi minne. Usilione jambo dogo: betri huzeeka hata ikiwa kabatini haijaguswa, hasa ikihifadhiwa imejaa au mahali pa joto. Betri "mpya" iliyolala miaka mitatu si mpya. Uwezo wake ni uleule wa betri ya awali, si zile zinazojinadi kubeba zaidi huku zina umbo lilelile. Simu ilianza kudumu siku nzima tena na kule kuzimika kukakoma siku hiyohiyo. Nina lalamiko moja: gundi mpya ya kioo haikushika vizuri kama ya kiwandani, kwa hiyo siku za mvua simu naitia kwenye mfuko wa plastiki.

Kisha kikomo cha asilimia 80. Fundi alikiwasha mwenyewe kabla hajanikabidhi simu. Kwenye simu yangu kipo ndani ya mipangilio, sehemu ya betri. Simu nyingine zina aina tofauti kidogo: zinajifunza saa unazoamka, zinasimama kwenye 80 usiku, kisha zinamalizia karibu na alfajiri. Hiyo iliingia kwenye iPhone mwaka 2019. Kikomo chenyewe cha 80 kilianza kwenye iPhone 15 mwaka 2023, na simu nyingi za Android nazo zina cha kwao.

Wiki mbili za mwanzo nilikichukia. Njia ndefu zilinikuta na asilimia 12 saa tisa mchana, na mtu anayetegemea ramani akiona 12 moyo unamwenda mbio. Nilikaribia kukizima. Kilichoniokoa ni kubadili mtindo wa kuchaji. Sasa nachaji vipande vipande: nikipakia mizigo asubuhi, nikila mchana, nikijaza makaratasi. Dakika 15 hapa, 20 pale. Wengi bado wanaamini ni lazima betri iishe kabisa ndipo ichajiwe. Imani hiyo ilitoka kwenye betri za zamani za nikeli na kadimiamu, ambazo kweli zikichajiwa mara kwa mara kabla ya kuisha zilipungua uwezo. Lithiamu haina tatizo hilo. Tena kuishusha hadi sifuri kila siku kunaichosha zaidi kuliko kuitumia kati ya 30 na 80. Na mzunguko mmoja wa chaji hauhesabiwi kwa kuchomeka mara moja: ukitumia asilimia 50 leo na 50 kesho, umemaliza mzunguko mmoja.

Simu yenyewe mara mojamoja hupita 80 na kujaza hadi 100. Usiogope. Inafanya hivyo ili kipimo chake cha asilimia kisipotee. Nami siku nikiwa na safari ya mbali nakizima kikomo usiku na kukirudisha kesho yake. Betri haifi kwa kujazwa mara moja kwa wiki. Inachakaa kwa kuishi imejaa.

Kuhusu chaja ya kasi nitasema kwa ufupi. Ninayo na ninaitumia, maana simu na chaja vinaelewana kiasi cha umeme na kasi hupungua kadiri betri inavyojaa. Ninachokiangalia ni joto. Nikiigusa mgongoni na kuhisi vuguvugu linalozidi, natoa kava. Chaja isiyo na waya niliijaribu ndani ya gari nikaiacha, kwa sababu inapoteza umeme mwingi zaidi kwa njia ya joto, na joto ndilo lililoniua betri ya kwanza. Kishikio cha simu nimekihamisha kutoka kwenye kioo cha mbele hadi mbele ya tundu la kiyoyozi. Kama ningeruhusiwa kubaki na badiliko moja tu kati ya yote haya, ningebaki na hilo.

Dada yangu alinunua simu ya aina ileile, siku ileile. Yake bado ina betri ya kiwandani na baada ya miezi 38 inasoma asilimia 85 ya uwezo wa awali. Hana kikomo chochote. Inakaa kwenye mkoba, kivulini, na anaichaji asubuhi wakati akijiandaa. Ni kweli anaitumia kidogo kuliko mimi, kwa hiyo silinganishi sawa kwa sawa, lakini kila nikiishika ile simu yake ilivyo baridi naelewa.

Yangu leo: miezi 18, mizunguko 463, uwezo asilimia 92. Kwa kulinganisha, Apple ilikuwa ikisema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimetengenezwa kubakiza asilimia 80 baada ya mizunguko 500 katika mazingira bora, na kuanzia iPhone 15 ikataja mizunguko 1,000. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unazitaka simu mpya zinazoingia sokoni mwake zifikishe angalau mizunguko 800 zikiwa na asilimia 80. Betri yangu ya kwanza ilikuwa imevimba ikiwa na mizunguko chini ya hapo nilipo sasa.

Nani akiwashe kikomo? Anayekaa karibu na umeme kutwa, ofisini au ndani ya gari kama mimi, na anayetaka simu ivuke miaka mitatu. Anayetoka alfajiri na kurudi usiku bila pa kuchomeka aache ijae, ila aikinge na jua. Na mwenye simu ambayo tayari inazimika kwenye asilimia 30, kikomo hakitamsaidia. Aende kwa fundi, na aombe kuiona tarehe kwenye lebo kabla kioo hakijafungwa.

Betri mpya naipa nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya gundi. Kikomo nakipa tano. Jana saa tisa mchana nilikuwa na asilimia 41 na vifurushi sita vimebaki, na sikuutafuta waya.